Kona ya Nne ya Nyumba ya Bwana Feruzi

Hodi yenu.

– Karibu, mlango u wazi.

Naingia na maneno.

– Yaweke katikati tuyaone.

Nikimwona mtu anasinzia?

– Mmwagie maji.

Haya. Na kabla sijaanza, tumekubaliana kuku. Kuku mzima, na mapaja yake yote mawili, nikimaliza. Mmesikia wote? Vizuri. Sipendi kurudia mambo ya kuku.

"Rupia mia tatu," akasema Bwana Feruzi, "na haipungui hata pesa moja."

"Mia tatu kwa nyumba yenye ufa?" akasema Nyamizi.

"Ule si ufa. Ule ni mstari."

"Mstari aliouchora nani?"

"Ni urembo tu, mama."

"Bwana Feruzi, mimi nachora urembo kwenye vyungu, mwaka wa kumi na mbili huu. Sijaona urembo unaoanzia chini, ukapanda tofali kwa tofali kama mtu anayepanda ngazi, ukafika dirishani ukapumzika."

Feruzi akamgeukia dalali wake, Tamimu, mtu mrefu aliyesimama nyuma yake akiitikia kwa kichwa hata kabla neno halijatoka. Tamimu akasema ufa ule ni mzuri kwa afya, unapitisha upepo. Akaongeza kwamba yuko mnunuzi mwingine njiani, tajiri wa mbali, anakuja na punda watatu waliobeba fedha.

"Basi muuzieni huyo wa punda," akasema Nyamizi. "Mimi nina swali moja tu. Nani aliingia chini ya nyumba hii?"

"Hakuna," akasema Feruzi. "Nyumba hii haijaguswa. Iko vile vile kama siku niliyoijenga."

Hilo ni swali la kwanza. Lihesabuni, yako matatu.

Sasa nirudi nyuma. Nimeanza na ugomvi kwa sababu mtu anayegombana hana nafasi ya kujipamba, unamjua upesi. Hapo kale, kale ya rupia, palikuwa na mji uliojengwa juu ya mbuga. Simaanishi mbuga ya wanyama, wewe kijana usinicheke. Mbuga ya udongo mweusi, ule unaonasa kiatu chako ukabaki nacho. Kiangazi udongo ule hukauka, ukapasuka, ukaacha mianya ya kumeza mtoto wa mbuzi. Mvua ikinyesha, huvimba kama andazi. Na nyumba zilizokaa juu yake hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, mpaka kuta zichoke.

Watu wa miji ya jirani waliuita Mji wa Milango Migumu. Kwa nini? Kwa sababu kila mvua zikianza, milango hukwama. Bwana arusi mmoja alikwama ndani ya nyumba yake siku mbili, na alipotolewa, bibi arusi alikuwa amekwisha kufikiri vizuri.

Katika mji huo aliishi Nyamizi, mfinyanzi. Alipanga chumba kimoja ambacho sakafu yake ilikuwa na tabia ya kuinuka. Mwaka mmoja iliinuka yeye akiwa usingizini, ikamwangushia vyungu arobaini vilivyokuwa vinangoja kuchomwa. Arobaini. Akaketi katikati ya vigae, akasema, "Nitanunua nyumba isiyocheza."

Alikuwa na rupia mia tatu ndani ya mtungi. Miaka kumi na mbili ya kuchimba, kukanyaga, kufinyanga na kuchoma. Hakuwa na nyingine. Na mgongo ulikuwa umeanza kumwambia kwamba miaka kumi na mbili mingine haipo. Akikosea nyumba, amekosea maisha. Ndiyo maana aliuliza sana. Mimi simlaumu.

Na nyumba ya Feruzi ilikuwa na maneno. Miaka mitatu nyuma, kona yake moja ilizama kwa kiangazi kimoja, mpaka ukiweka embe sebuleni linajiviringisha lenyewe hadi mlango wa barabarani. Ndipo Feruzi akazungusha wigo wa mabua ya mtama, mrefu kuliko mtu, akawaambia majirani anachimba choo. Miezi miwili wakasikia sururu. Miezi miwili wakasikia mawe yakishushwa. Wigo ulipoondolewa, embe likakaa sebuleni likatulia. Choo hakikuwepo.

Majirani wakagawanyika. Wa kwanza walimwambia Nyamizi asinunue, nyumba iliyozama mara moja imekwisha kujifunza njia. Wa pili walimwambia anunue haraka, kwa sababu nyumba kubwa kama ile kwa mia tatu ni bure. Wa tatu walitaka tu kujua choo kiko wapi. Nyamizi akawasikiliza wote, akasema, "Nyinyi mnajua nyumba. Mimi najua udongo. Ngojeni mvua."

Akafanya mambo matatu.

La kwanza, aliugusa mlango wa Feruzi kwa kidole kimoja. Ukafunguka. Mji mzima, hata kiangazi, milango imepinda na watu wanaifungua kwa bega, na huu unakwenda kwa kidole.

La pili, alichukua udongo laini wa kufinyangia, akaukanda ukawa mwembamba kama ulimi, akatengeneza ndimi tatu. Ulimi mmoja akaubandika juu ya ufa wa chumba alichopanga. Wa pili akaubandika juu ya ufa wa nyumba ya Tamimu dalali, ambaye alimruhusu akidhani ni dawa. Wa tatu akaubandika juu ya ufa wa Feruzi. Udongo ukikauka haudanganyi, ukuta ukicheza hata unene wa unywele, ulimi unakatika.

Mvua ya kwanza ikanyesha siku nne. Nyamizi akazunguka kuangalia. Ulimi wa chumbani kwake umekatika vipande viwili. Ulimi wa Tamimu umeanguka chini, na kuku wameula. Ulimi wa Feruzi uko mzima.

Akamwendea Feruzi barazani. "Bwana Feruzi, nyumba yako haijatikisika. Katika mji huu hakuna nyumba isiyotikisika yenyewe. Nani aliingia chini yake?"

Hilo la pili.

"Hakuna," akasema Feruzi. "Ni baraka tu."

Tamimu akaitikia kwa kichwa. Akasema yule tajiri amekaribia sana, na sasa ana punda watano.

La tatu, Nyamizi alichukua jembe lake la kuchimbia udongo, akaenda kwenye kona ya upande wa barabarani, akachimba. Hakuna aliyemuuliza. Mfinyanzi akichimba, nani atamuuliza? Akashuka urefu wa mkono, akakuta jiwe. Jiwe na chokaa, limepangwa vizuri, linateremka na kuteremka kupita udongo mweusi, mkono wake haukufika mwisho. Na juu ya chokaa ile, palipokuwa pabichi siku ile, mtu alikuwa ameacha alama ya kiganja. Vidole vinne.

Nyamizi akafukia, akajikung'uta, akatabasamu. Mwenye vidole vinne alimjua. Kila gulio, siku mbili za kutembea ng'ambo ya mto, alikuwa akimuuzia vyungu vya kuchanganyia chokaa. Jina lake fundi Msabila.

Msabila huyu hakufundishwa na mtu. Alijifunza msingi kwa kuangukiwa na ukuta, ndipo kilipobaki kile kidole cha tano. Alikuwa mkali kama pilipili kichaa, na hakuwa na maneno ya ziada. Nyamizi alipomuuliza, hakuzunguka.

"Dada, mimi sidanganyi. Uongo unataka kumbukumbu, na mimi sina. Nyumba ile niliishika mimi. Nilichimba mpaka nikapita udongo mweusi, nikafika kwenye changarawe nyeupe, nikapandisha mawe kutoka huko. Kona ya kwanza, nzuri. Kona ya pili, nzuri. Kona ya tatu, nzuri."

"Na ya nne?"

"Ya nne, ya jikoni, sikuigusa."

"Kwa nini?"

"Tulikubaliana rupia themanini, ishirini kila kona. Akanipa arobaini. Nikafanya ya tatu kwa imani, imani ikaniishia hapo."

Mia tatu ya Nyamizi ilikuwa inapita mbele ya macho yake, chungu kwa chungu. Akauliza, "Fundi, niambie kama ungemwambia mama yako. Ninunue au nisinunue?"

Msabila akakuna kichwa. Akasema kona zile tatu zitawaona wajukuu wa wajukuu. Ya nne, mwaka huu au mwaka ujao, itakaa chini kama mgonjwa, na itavuta jiko pamoja nayo. Lakini yeye akipewa siku kumi na mawe, haitakaa. "Nyumba iliyoshikwa vizuri ni bora kuliko ambayo haijashikwa," akasema, "ila mtu asikuuzie kona tatu kwa bei ya nne."

"Na kwa nini huendi kumdai arobaini yako?"

"Moja, ishirini ya kona ya tatu, ndiyo deni. Ishirini nyingine nitaidai nikishika ya nne. Mimi sidai nisichofanya. Mbili, nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza nikaambiwa yuko msikitini. Mara ya pili nikaambiwa amesafiri. Mara ya tatu niliona miguu yake chini ya kitanda, mkewe akaniambia ile ni miguu ya mgeni."

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo kwenye kiini. Mji ule ulikuwa na desturi yake, ikiitwa kuita mikono. Nyumba ikiuzwa, mwenye nyumba husimama kizingitini mbele ya mashahidi, akataja kila mkono ulioifanyia kazi. Aliyetajwa hujibu, "Sidai," na mambo yanaendelea. Akiwa anadai, hukaa juu ya kizingiti, na hakuna mtu apitaye, si muuzaji si mnunuzi, mpaka alipwe. Na maneno ya kizingitini, shahidi mkubwa akishayarudia mbele ya mashahidi, hayarudishwi nyuma. Ukisema nyumba ina madirisha sita na ina matano, utatoboa la sita.

Lakini asiyetajwa hana neno. Anaweza kusimama pale akilia machozi, hasikilizwi.

Mmeelewa sasa kwa nini choo hakikuwepo? Feruzi hakuuonea aibu msingi. Msingi ule ndio uliokuwa fahari ya nyumba, mtu mwingine angeupigia ngoma. Alikuwa anakwepa kulitaja jina. Alikuwa radhi kuisingizia nyumba yake mwenyewe kuliko kutoa rupia ishirini.

Watu wa hivyo wapo. Mmoja tunamjua, sitamtaja, amekaa karibu na mlango.

Siku ya kuuziana ikafika, na mvua imekwisha kuvimbisha mji wote. Watu wakaja wamechelewa, kila mtu na bega lake linamuuma. Tamimu alikuja na lipu kichwani, mlango wake umekwama na alikuwa ametokea dirishani. Akatangaza kwamba punda wamefika saba.

Shahidi mkubwa alikuwa Bi Kashindye, mkunga. Alikuwa amezalisha nusu ya mji, na hakuna mtu aliyeweza kujifanya mkubwa mbele yake. Nyamizi akaja na mtungi wake wa rupia mia tatu, na nyuma yake mchukuzi mmoja aliyejifunika gunia kwa ajili ya mvua. Mchukuzi akageuza chungu kifudifudi kando ya njia, akakikalia.

Feruzi akasimama kizingitini, akaita. Aliyefyatua matofali.

"Sidai," akasema mfyatua matofali.

Aliyeezeka paa.

"Sidai."

Aliyetengeneza milango.

"Sidai," akasema seremala, "ila uliniahidi kofia."

Feruzi akavua kofia yake kichwani, akampa. Ilikuwa inauma, ilionekana.

"Ndio hao," akasema Feruzi. "Mikono imekwisha. Binti, mimina fedha."

Nyamizi hakumimina. "Bwana Feruzi, nauliza mara ya tatu, na sasa tuko kizingitini. Nani aliingia chini ya nyumba hii?"

"Hakuna. Hakuna. Mara ngapi nikwambie hakuna?"

"Hewala," akasema Nyamizi. Akamgeukia Bi Kashindye. "Mama, wewe unanunua vyungu vyangu. Chungu kilichozibwa nakiuzaje?"

"Kifudifudi," akasema Bi Kashindye, "kiraka kikitazama juu. Unaniambia nani amekiziba na kwa nini, nami nakulipa bei nzuri, kwa sababu kiraka chako hakivuji."

"Na chungu chenye ufa ambao hakuna aliyeuziba?"

"Hicho hakiuzwi. Hicho cha kunyweshea kuku."

"Ukuta huu una ufa. Mnauona wote. Kama kuna mkono ulioingia chini na kuushika, mimi natoa mia tatu sasa hivi, na asante juu. Kama hakuna mkono, basi hiki ni chungu cha kuku. Natoa mia moja."

Watu wakacheka. Tamimu akaitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka yuko upande gani, akaacha.

Mashahidi wakanong'onezana, wakakubaliana. Neno la kizingitini ni neno la kizingitini. Bi Kashindye akilirudia hilo la hakuna, ni nyumba isiyoshikwa, mia moja, na aliyekwisha kuita mikono hakatai tena kuuza.

Hebu mwoneni Feruzi. Kichwa wazi, mvua inamnyeshea. Hesabu zinapanda na kushuka usoni mwake kama nyumba za mji ule. Akisema hakuna, mia mbili zimekwenda. Akisema yupo, lazima amtaje. Akafikiri. Akaangalia huku, akaangalia kule. Kisha uso wake ukang'aa, kwa sababu alikumbuka mto. Mto umejaa, na Msabila yuko ng'ambo, siku mbili za kutembea. Mkono uliotajwa usipokuwepo, nani atakaa kizingitini?

"Bi Kashindye," akasema kwa sauti ya mtu msafi, "sikutaka kujisifu. Lakini kwa kuwa mnanilazimisha, nyumba hii niliishikisha. Kona zote nne, mpaka kwenye changarawe. Fundi ni Msabila wa ng'ambo ya mto, hodari sana, na nilimlipa mpaka pesa ya mwisho. Kwa bahati mbaya yuko mbali, na mto huu mnaujua."

"Kona ngapi?" akauliza Bi Kashindye.

"Nne, mama."

"Mmesikia, nne," akasema Bi Kashindye kwa mashahidi.

Nyamizi akageuka nyuma. "Fundi, umetajwa."

Mchukuzi akavua gunia. Akainuka kwenye chungu. Akanyoosha mgongo, akafuta kiganja chenye vidole vinne kwenye shuka, akatembea polepole katikati ya watu, akaketi juu ya kizingiti.

Nyamizi alikuwa amemvusha mto siku tatu kabla haujajaa. Mfinyanzi anajua mvua itakuja lini, lazima ajue, vyungu vinakauka juani.

"Fundi Msabila," akasema Feruzi. "Umefika. Habari za safari?"

"Nimefika na miguu yangu mwenyewe," akasema Msabila. "Yule mgeni wako hajambo?"

Mke wa Feruzi, aliyekuwa dirishani, akaondoka dirishani.

Bi Kashindye akamuuliza fundi anadai nini. Msabila akasema kweli tupu. Kona tatu amezifanya, za mbili amelipwa, anadai ishirini. Na kona ya nne haijaguswa.

"Lakini wewe, Feruzi, umesema nne," akasema Bi Kashindye. "Mimi nilikupokea siku uliyozaliwa, ulikuja ukipiga kelele nyingi vile vile. Nne umesema, nne ziwe. Unamlipa ishirini ya zamani, na ishirini ya kona ya nne. Arobaini."

"Mama, nitampa kesho," akasema Feruzi.

"Rupia arobaini," akasema Msabila, bila kuinuka.

Feruzi akamsifu. Akasema hajapata kuona fundi kama yeye, kazi yake itasemwa mpaka pwani.

"Rupia arobaini."

Feruzi akamkumbusha kwamba mama wa baba yake na bibi wa Msabila walichota maji kisima kimoja, kwa hiyo ni ndugu.

"Rupia arobaini."

Feruzi akamtazama Tamimu. Tamimu akatazama njiani, kama anaangalia punda.

Basi Nyamizi akamimina mia tatu mbele ya mashahidi, kama alivyosema, haikupungua hata pesa moja. Feruzi akahesabu arobaini kutoka humo, moja moja, kila moja akiiaga. Msabila akazihesabu tena, kwa sababu hakuna ubaya kuhesabu tena. Akaweka ishirini kwenye nguo. Ishirini nyingine akampa Bi Kashindye amshikie, akasema, "Hizi si zangu mpaka jiko lisimame." Ndipo akainuka, na njia ikafunguka.

Sasa angalieni, Nyamizi hakusema uongo hata mmoja. Ule unaoitwa ujanja wake ni kuuliza tu, swali lile lile mara tatu, kwa mtu yule yule.

Siku ya kumi na moja kona ya nne ilikuwa imefika kwenye changarawe, na Bi Kashindye akatoa ishirini yake. Msabila akapiga kiganja kwenye chokaa mbichi, vidole vinne. Nyamizi akapiga chake pembeni, vitano. Na ule ufa wa mbele hakuupaka lipu. Aliuchorea urembo pande zote mbili, majani na samaki, ili kila mgeni auone kwanza na aulize. Akiulizwa, alieleza yote, kona kwa kona, mpaka mgeni ajute.

Vyungu vyake vilikauka juu ya sakafu iliyotulia. Wengine wanasema vinakauka mpaka leo. Tamimu anangoja punda.

Haya, maneno nimeyatoa yote, hamna lililobaki chini ya kitanda.

– Nyumba umeiachaje?

Imesimama.

– Na mlango?

Naurudisha kwa kidole.

Mimi hapa, kuna anayenidai?

– Hatudai.

Nami nawadai. Nileteeni kuku wangu, na mapaja yote mawili.